Steringi ni nani? Kumbukumbu ya mradi wetu wa filamu na vitabu vyake

Machi

Mradi umeanza kushika kasi. Tunachukua filamu iliyotokana na kitabu au tamthiliya, tena iwe ile ambayo kwenye kibanda umiza, ule ukumbi wa video wa mtaani, huikuti hata kwa dawa. Tunasoma asili yake kwanza, tunaitazama pamoja, kisha tunabishana mpaka mwenye nyumba achoke. Ukumbi ni uani kwa Mwalimu, mstaafu aliyefundisha Kiswahili sekondari. Projekta ni ya fundi simu wa hapo jirani, shuka ni langu, na kazi ya kuzisaka filamu mtandaoni ni yangu pia, bando likiruhusu.

Tumefungua na *Mandabi* ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1968. Mwalimu ndiye aliyeichagua, kwa hoja kwamba hadithi yenyewe tunaijua ila hatujui kama tunaijua. Alikuwa na haki. Waliosoma tamthiliya shuleni wanaikumbuka *Hawala ya Fedha* ya Amandina Lihamba, iliyochapishwa mwaka 1980. Lihamba aliitoa kwa Sembène, na Sembène mwenyewe alianza kuiandika kama kitabu ndipo akashika kamera. Kwa hiyo kwa wiki nzima tulikuwa tunapokezana nakala moja ya tamthiliya iliyochakaa, ukurasa wa mwisho umeshikiliwa na gundi.

Filamu ni ya Kiwolofu, maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na nusu ya kundi hawawezi kuyasoma kwa kasi ile. Fundi akajitolea kutafsiri. Huyu kakulia kwenye mikanda ya Lufufu, yule mtangazaji aliyetafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili, kwa hiyo kutafsiri kwake maana yake ni kutangaza: akipita mtu anampa jina, akifungua mlango anakuambia nyuma yake kuna nini. Mwalimu hakuvumilia. Wakakubaliana kwamba fundi aseme kinachosemwa tu, basi.

Sharti hilo lilitufaa kuliko tulivyotarajia, maana filamu inaanza na kunyolewa. Kinyozi wa barazani anamnyoa kichwa mzee Ibrahima Dieng, kisha anaingiza wembe puani, taratibu, pua moja halafu ya pili. Fundi kakaa kimya na kipaza sauti mkononi, uani hakuna aliyepumua. Kabla hujajua jina la huyu mzee umeshajua anavyojipenda.

Baada ya hapo ni mateso. Mpwa wake aliyeko Paris, anakofagia barabara, kamtumia hawala ya faranga 25,000. Faranga 2,000 ni za mzee, 3,000 za mama wa kijana, na 20,000 atunziwe. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Cheti kinataka tarehe ya kuzaliwa, na mzee anachojua ni kwamba kazaliwa mnamo 1900 hivi. Huku nyumbani mchele umeshachukuliwa kwa mkopo na wakopaji wamejaa mlangoni. Hapo filamu ikasimamishwa yenyewe, kwa sababu kila mtu uani alikuwa na kisa chake cha dirisha la ofisi na "njoo kesho".

Mjadala ukaja pale fundi alipouliza swali la kibanda umiza: steringi, yaani shujaa wa filamu, tunamjua, adui ni nani? Wengine wakasema karani. Wengine wakasema Mbaye, yule ndugu msomi anayejifanya kumsaidia na kuishia kuzila hela zote. Dada wa saluni, ambaye muda wote alikuwa anasuka mtu, akasema adui ni mzee mwenyewe: anakula hadi anabeua, analala, anafoka, na hela ambayo hajaishika ameshaigawa. Mwalimu akabisha vikali. Tuliondoka hawajapatana, na hapo ndipo nilipojua kundi litadumu.

Mei

Usiku mzuri kuliko yote hadi sasa. *Hyènes*, yaani Fisi, ya Djibril Diop Mambéty, ya mwaka 1992.

Asili yake ni tamthiliya ya Mswisi, Friedrich Dürrenmatt, ya mwaka 1956. Mwanamke aliyefukuzwa mjini akiwa binti mjamzito anarudi uzeeni na utajiri usiosemeka. Mji umefilisika. Anaahidi kuufufua, ila kwa sharti moja: wamuue yule mwanamume aliyemkana na kununua mashahidi wa uongo. Mambéty kaichukua na kuihamishia Colobane, jina la mtaa wa Dakar alikozaliwa. Mama anaitwa Linguère Ramatou, ana mguu wa dhahabu, na inasemwa ni tajiri kama Benki ya Dunia. Mwanamume ni Dramaan Drameh, mwenye duka.

Fundi alifurahi mno nusu saa ya kwanza. Kwake hii ilikuwa muvi ya kisasi kama anazozijua: steringi karudi, adui anahesabiwa siku. Kisha watu wa mji, wale wale waliokataa hela ya damu kwa hotuba nzuri, wakaanza kuja dukani kwa Dramaan. Wanachukua vitu vya bei, wanamwambia aandike kwenye deni. Dramaan anaandika. Mara anatazama chini anaona viatu vipya vya manjano. Mteja huyu anavyo, na yule anavyo. Hela ya kuvinunulia bado haipo mjini, na njia ya kuipata ni moja tu.

Fundi akashusha kipaza sauti. "Sasa mimi namshangilia nani?"

Tulilirudia lile tukio la viatu. Mwalimu alikuwa na tamthiliya mapajani akituonyesha kwamba viatu vya manjano vimo pia kwa Dürrenmatt, Mambéty hakuvibuni. Mimi nikasema ndiyo maana namwona Mambéty ni bingwa: kakiacha kitu mahali pake, lakini daftari la madeni uswahilini halihitaji maelezo. Mtu wa Ulaya pengine anaona fumbo. Sisi tunaona duka la Mangi.

Tulilinganisha pia miisho. Mwaka 1964 ilitoka filamu nyingine ya tamthiliya hiyo hiyo, Ingrid Bergman akicheza na Anthony Quinn, na mwishoni mama anamsamehe, anamwacha hai aishi na watu waliokuwa tayari kumuua. Dada wa saluni akasema hiyo adhabu ni kali zaidi. Mimi naona ni woga wa kumuua steringi. Kwa Mambéty watu wanamzunguka Dramaan, wanajikusanya kama mwili mmoja, wakitawanyika limebaki vazi lake tu chini. Hakuna aliyeonekana akimgusa.

Kuna jambo liliwapendeza wote. Mambéty alieleza kwamba tembo aliwaazima kwa Wamasai wa Kenya na fisi akawatoa Uganda. Kumbe hata sisi wa huku tumechangia wasanii.

Juni

*Touki Bouki* ya huyo huyo Mambéty, 1973, ilipita harakaharaka. Haitokani na kitabu, lakini tulitaka kuona alikoanzia, maana katika maisha yake (alifariki mwaka 1998) alitengeneza filamu ndefu mbili tu. Vijana waliitambua pikipiki yenye pembe za ng'ombe mbele, kwa sababu Beyoncé na Jay-Z walipiga picha ya namna hiyo mwaka 2018. Wakubwa wawili walisinzia. Siwalaumu, ila nitairudia peke yangu.

Agosti

*Vuta N'kuvute*. Riwaya ya Adam Shafi ya mwaka 1999, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Filamu ni ya Kiswahili, kwa hiyo kipaza sauti kilipumzika, watu wakawa wengi kupita viti, na ugomvi ukawa mkubwa kupita watu. Kisa ni kwamba wengi wetu riwaya tuliisoma kidato cha tano na sita, kwa hiyo kila mmoja alikuja na Yasmin wake, yule binti mhusika mkuu, kichwani na orodha ya mambo yaliyokatwa.

Nilikuwa upande wa filamu na bado nipo. Riwaya inakusimulia kila kitu kuhusu Unguja ya wakoloni, na inasimulia vizuri. Filamu imejikita kwa Yasmin na mpenzi wake Denge, mpigania uhuru, ikaacha kuta, giza na muziki viseme. Mwalimu anasema hayo ni mapambo na siasa imepungua. Nilimwomba aonyeshe tukio moja ambapo imepungua, tulitazame pamoja. Akaahidi kulileta.

Kinachofuata ni *Maangamizi* ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, ya mwaka 2001. Hiyo ndiyo filamu ya kwanza ya Tanzania kupelekwa kwenye mchujo wa Oscar, kabla ya *Vuta N'kuvute*, na kati ya watu wote wa uani aliyewahi kuiona ni mmoja. Ndani yake yumo Amandina Lihamba yule yule wa hawala, safari hii akicheza kama Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili ambaye hajasema neno kwa miaka mingi. Nakala yenye sauti safi bado naitafuta.

Baada ya hapo ni *Xala* ya Sembène: mfanyabiashara anaoa mke wa tatu, na usiku wa harusi nguvu zinamkimbia. Dada wa saluni ameahidi kuja na mumewe.