Mkate Uliokosa Macho

Mkate wa sinia, ule wa mchele na tui la nazi, ukiharibika, jiko ndilo hulaumiwa kwanza. Mkaa ulikuwa mbichi, mfuniko ulikuwa mwepesi, moto wa chini ulizidi wa juu. Nami nilisema hayohayo alasiri moja ya Ramadhani, mwaka 2009, nikiwa nimesimama uani kwetu Kibokoni, Mombasa, na sufuria inafuka moshi mkononi. Shangazi hata jiko hakulitazama. Alikwenda kwenye bakuli la rojo iliyosalia, akachovya vidole viwili, akavisugua polepole kama anayepima kitambaa dukani. Kuonja hakuweza, tulikuwa na saumu sote. Akanusa.

"Tui ulikamua kwa maji gani?"

"Ya moto, shangazi. Nilitaka litoke zito."

"Moto wa kuogea au moto wa chai?"

Nikanyamaza. Ulikuwa moto wa chai.

Siku yenyewe ilianza na mguu mbaya. Mwaka ule ukame ulikuwa umepunguza maji ya mabwawa ya Mto Tana na stima ikawa ya mgao. Nilikuwa nimeroweka vikombe 4 vya mchele tangu usiku, wa kutosha mikate miwili. Punje iliyorowa sawasawa ukiibana kwa kidole gumba na cha shahada huvunjika kimyakimya. Ikilia "tak", iache bado. Blenda ikasaga nusu, stima ikapotea. Nusu iliyobaki ikaenda kinuni, kidogo kidogo, kisha kwenye chekecheke, na chenga zikirudi kinuni mpaka ziishe. Hapa hakuna njia ya mkato. Chenga ni nzito, huzama chini rojo ikisubiri kuumuka, na mkate ukiiva unakuwa wa tabaka mbili: juu sponji, chini ubao.

Nazi zilikuwa 2 kubwa, nimezikuna kwa mbuzi na kuzikamua kwa kifumbu, zikanipa vikombe 3 vya tui. Maji yanayotokota huyalegeza mafuta ya nazi, kwa hivyo tui hutoka zito na jeupe. Kwa samaki wa kupaka hilo halina ubaya wowote. Lakini mimi nililimimina likiwa bado linatoa mvuke juu ya mchele uliosagwa, na papo hapo nikanyunyiza vijiko 2 vidogo vya hamira. Hamira ni kitu chenye uhai. Hupenda uvuguvugu, ule unaoweza kumwogeshea mtoto mchanga. Joto likikaribia nyuzi 60 hufa, na ikishafa hata uifunike kwa kanga tatu haiamki.

Nilifunika, nikangoja saa nzima. Kwa joto la Mombasa saa moja hutosha: rojo hupanda kama nusu ya kimo chake, juu hujaa vipovu vinavyopasuka taratibu, na bakuli ukilitikisa, rojo hutetemeka. Yangu ilikuwa imetulia kama maji ya mtungi, na juu imetanda utando mwembamba wa mafuta ya nazi. Niliuona utando ule. Niliona pia kwamba saa tisa imefika na kaimati bado hazijaguswa, nikajiambia itaumukia motoni.

Nikatia sukari kikombe kimoja na nusu, iliki iliyopondwa na ute wa mayai 2 uliopigwa kidogo. Sukari kuingia mwisho si mazoea tu. Ikiwa nyingi tangu mwanzo huinyima hamira maji, ikafanya kazi kwa kujikokota. Tena sukari ikiyeyuka huilegeza rojo, kwa hivyo kabla ya kuitia, rojo inapaswa kuonekana nzito kuliko unavyoitaka. Wengi huongeza maji hapo, kisha sukari ikiyeyuka wanabaki na uji.

Sufuria ilipashwa moto na kijiko cha samli, nikamimina nusu ya rojo, kina cha vidole viwili. Kwa kawaida, kwenye moto wa wastani, baada ya dakika tano hadi saba macho, yaani vile vitundu vya juu ya mkate, huanza kufunguka pembeni na kuja kati. Kati kukiwa bado kubichi ndipo unapofunika bati lenye makaa juu na kupunguza ya chini. Mimi nikangoja macho. Dakika kumi. Kumi na tano. Sikufunika, kwa sababu nimefunzwa nisifunike kabla ya macho, na macho hayakuja kwa kuwa hapakuwa na hewa ya kuyafungua. Mchele hauna gluteni, ule mnato wa unga wa ngano unaoshika hewa. Vitundu vya mkate huu hushikwa na wanga unaoganda na ule ute wa yai, basi. Pasipo hewa hupati mkate, unapata gundi. Na huku juu kunaganda bila tundu hata moja, sukari ya chini ilishapita rangi ya asali, ikawa nyeusi.

Kwa hivyo moto haukuwa na kosa. Ulifanya kazi yake kwa dakika nilizoupa.

Shangazi akachukua kikombe, akatia robo ya maji ya uvuguvugu, chembe za sukari, na kijiko kidogo kimoja cha hamira, kipimo cha rojo iliyobaki. Akakiweka ukingoni mwa dirisha. "Povu likija ndani ya dakika kumi, tuna mkate. Lisipokuja, mtu aende dukani." Likaja, la kahawia, limepanda hadi mdomoni mwa kikombe. Jaribio hili ni la dakika kumi tu, na sijawahi kuliruka tangu siku hiyo, hata pakiti iwe mpya. Rojo ilikuwa imeshapoa. Akachanganya kwa mwiko, akaliweka bakuli kwenye kipande cha jua uani. Akanung'unika kwamba sukari imo tayari, hamira itavuta miguu. Ilivuta kweli: saa moja na robo.

Kungoja huko ndiko kulikonipa muda wa sufuria. Ilikuwa ya alumini, na chini kuna gamba jeusi linalong'aa. Mtoto wa jirani akaleta magadi. Akarudishwa nayo. Magadi huila alumini na kuitia weusi usiotoka. Ni ya sufuria za chuma kisichoshika kutu. Alumini hutaka kitu kichachu. Tulitia maji ya kufunika gamba, ndimu 4 zilizokamuliwa pamoja na maganda yake, tukachemsha robo saa, tukaacha ipoe humohumo. Mwiko wa mti ukang'oa gamba kwa vipande. Yaliyobaki yaliondoka kwa makumbi na sabuni. Steelwool nilikatazwa upande wa ndani, maana kila mkwaruzo ndipo mkate wa kesho utakapong'ang'ania.

Harufu ya kuungua haikutoka upesi, nikataka kumwagia klorini ya kufulia humo humo kwenye maji ya ndimu. Shangazi alinishika mkono. Klorini ikikutana na ndimu au siki hutoa hewa ya sumu inayochoma kifua, na jiko letu lilikuwa na dirisha moja tu. Suuza kwanza, tena suuza sana. Na kwa kweli chombo cha kupikia hakina haja ya klorini.

Kusuuza nako kulikuwa na mambo yake. Maji ya kisima chetu yana chumvi, na kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa hivyo yana chokaa pia. Sabuni haitoi povu humo, huganda kuwa utando wa kijivu unaobaki chomboni. Tulisugulia ya kisima, tukamalizia na ya mfereji.

Karibu na saa kumi na moja na nusu rojo ilikuwa imepanda na kujaa vipovu. Shangazi hakuniruhusu kuikoroga tena. Nikaimimina kwa mkono mmoja, taratibu, sufuria ikasema "chaa", na kabla ya dakika sita tundu la kwanza likafunguka karibu na mpini, kisha la pili, kisha yakawa mengi ya kushindwa kuhesabu. Bati likafunika, makaa mengi juu, machache chini. Robo saa na ushei baadaye kijiti kilitoka kikavu, juu kumekuwa rangi ya korosho iliyokaangwa. Ulipinduliwa kwenye sinia adhana ya Maghribi inaanza.

Ule wa kwanza tulikata sehemu iliyoungua na kuweka iliyobaki kwenye karatasi barazani. Paka mmoja akaja, akaunusa pande zote mbili, akaenda zake.