Tik

Jana nilikuwa nafungua spika ya masikioni ya mteja pale kibandani, sumaku yake ikaniponyoka ikarukia bisibisi. Tik. Kisauti kidogo tu, lakini mikono ilinilegea. Nikamwambia arudi kesho.

Mwanangu Kadogo alikuwa na miaka miwili na nusu. Alianza kutapika Jumanne. Jaja, bibi yake, akasema minyoo, jirani akasema malaria. Kipimo cha malaria hakikuona kitu, tukapewa dawa ya tumbo tukarudi nyumbani hapa Busia. Alhamisi tumbo limekaza kama ngoma. Teksi ya Tororo, foleni, kilio cha mama yake, hayo nayaruka.

Picha ya eksirei ndiyo hainitoki. Daktari aliinyanyua dirishani. Mbavu nyembamba kama za kuku, na chini yake vijistari viwili vyeupe, vifupi, vimelala sambamba. Nilivitambua kabla hajasema neno. Mimi ndiye ninayevibandua kila siku kwa kucha, na wakati mwingine kucha hukatika.

"Tazama hapa katikati, mzee." Akaweka ncha ya kalamu. Palikuwa na uwazi mweusi, mwembamba kama uzi. "Sumaku hizi zingekuwa zimegusana, huu uwazi usingekuwepo. Hapa umebanwa utumbo."

Moja peke yake, alisema, mara nyingi hutoka chooni. Lakini mtoto akimeza mbili kwa nyakati tofauti, hii inakuwa kwenye kona hii ya utumbo, ile kwenye kona nyingine, zinaitana. Nyama iliyo kati inakosa damu, inakufa, inatoboka. Nilikuwa namsikia na simsikii. Macho yangu yalikuwa kwenye ule uzi.

Walimpasua usiku uleule, wakakata kipande cha utumbo. Sasa yuko darasa la tatu na anakula kuliko mimi.

Mama yake aliniuliza zilitoka wapi. Nikasema zilidondoka mezani. Ya pili huenda ilidondoka kweli. Ya kwanza nilimpa mwenyewe, pamoja na msumari, aone unavyocheza, anyamaze nimalize simu ya mtu.

Siku hizi naziweka kwenye mkebe wa bati, juu ya rafu. Jana jioni Kadogo alipanda kiti akaushusha, akautikisa sikioni. Kimya.

"Baba, huu hauna kitu."

Ulikuwa umejaa. Zimeng'ang'ania bati, haziwezi kulia. Nikaupokea nikaurudisha juu.