Mkataba mezani: ninavyoendesha mijadala ya mikopo na haki za mlaji kwa vijana

Mjadala wa uchumi na vijana hufa mapema ukianzia kwenye mada pana: umuhimu wa akiba, nidhamu ya fedha, hali ya uchumi wa dunia. Wote wanakubaliana, wasemaji wawili watatu wanatawala, na hakuna anayeondoka na kitu cha kutumia kesho yake. Mimi ninaanza na karatasi. Ninaweka mezani mkataba wa mkopo uliofutwa majina, nakala moja kwa kila kundi la watu wanne, na ubaoni ninaandika swali moja tu: mkopaji anashika mkononi kiasi gani, anatoa kiasi gani, na lini? Riba, mfumuko wa bei na haki za mlaji vyote vinajitokeza humo humo.

Nakala iwe na herufi za ukubwa uleule wa mkataba halisi. Ukiuchapa upya kwa herufi kubwa na nafasi nzuri, umewafanyia kazi ambayo ndiyo hasa wanatakiwa kuizoea, yaani kutafuta makato yaliyojificha kwenye aya ya kumi na tano. Katika kila kundi mmoja anasoma kwa sauti, mmoja anapiga hesabu, mmoja anaandika, na wa nne kazi yake ni kubisha. Huyu wa kubisha ni muhimu kuliko anavyoonekana. Asipokuwepo, kundi linakubali jibu la kwanza lililotamkwa kwa kujiamini.

Hatua ya kwanza ni kuzungushia duara kila tarakimu iliyomo kwenye mkataba, bila kuacha hata moja, kisha kuipangia safu yake: fedha inayoingia, fedha inayotoka kwa hakika, na fedha inayotoka endapo jambo fulani litatokea. Safu ya tatu ndiyo inayowashtua. Humo zinakaa faini ya kuchelewa, gharama za kumfuatilia mdaiwa, ada ya kulipa kabla ya muda, na kile kifungu kinachompa mkopeshaji ruhusa ya kubadilisha riba. Kwenye mikopo ya simu ninawaomba watafute pia kifungu kisicho na tarakimu yoyote: kile cha kuruhusu programu isome orodha ya majina na namba zilizohifadhiwa kwenye simu. Hiyo nayo ni gharama, na wakati mwingine ndugu na marafiki ndio wanaoilipa kwa kupigiwa simu za kudaiwa.

Kisha tunakuja kwenye hesabu, na hapa siharakishi hata kidogo. Mfano ninaoutumia zaidi ni mkopo wa 120,000 kwa miezi 12, riba asilimia 2 kwa mwezi. Sarafu siitaji, kwa sababu hesabu ni ileile popote. Ninawauliza riba yote ni kiasi gani, na karibu kila kundi linapata 28,800: asilimia 2 ya 120,000 ni 2,400, mara 12. Jumla ya deni ni 148,800, na rejesho la kila mwezi ni 12,400. Hesabu hiyo ni sahihi ikiwa mkataba unatoza riba kwenye mkopo wote wa mwanzo. Ikiwa riba inatozwa kwenye salio linalopungua, asilimia 2 hiyohiyo inatoa rejesho la karibu 11,347 na riba ya jumla ya karibu 16,166. Maneno kwenye tangazo ni yaleyale, lakini tofauti ni zaidi ya 12,600.

Kuwaambia tu hakutoshi. Ninawaomba wachore jedwali lenye safu tano: mwezi, salio la mwanzo, riba, sehemu ya mkopo iliyolipwa, salio la mwisho. Kwa salio linalopungua, mwezi wa kwanza riba ni 2,400, mkopo unapungua kwa 8,947, na salio linabaki 111,053. Mwezi wa pili riba imeshuka hadi 2,221. Baada ya mistari mitatu hivi wameshaelewa mwendo wake. Ndipo ninawarudisha kwenye ule mkopo unaotoza riba kwenye kiasi chote cha mwanzo na kuwaomba waangalie mwezi wa 12 peke yake. Kila mwezi 10,000 ya mkopo imekuwa ikirudishwa, kwa hiyo mwezi wa mwisho mkopaji amebakiwa na 10,000 tu ya mwenye fedha. Riba anayolipa mwezi huo ni 2,400 ileile. Hiyo ni asilimia 24 kwa mwezi mmoja. Ukimya unaofuata hapo una faida kuliko maelezo yangu yoyote, kwa hiyo ninauacha.

Halafu tunaongeza makato. Tuseme ada ya kushughulikia mkopo ni asilimia 3 na bima asilimia 1, vyote vinakatwa kabla ya fedha kutoka. Mkononi zinafika 115,200, lakini rejesho bado ni 12,400. Kupata riba halisi, fungua programu yoyote ya jedwali kwenye simu au kompyuta na uandike =RATE(12,-12400,115200). Jibu ni karibu 0.0418, yaani asilimia 4.18 kwa mwezi, au takriban asilimia 50 kwa mwaka ukizidisha kwa 12. Mkopo uliotangazwa kwa asilimia 24 kwa mwaka. Hitilafu mbili hujitokeza hapa kila mara: kusahau alama ya kutoa mbele ya rejesho, na programu kukataa mkato na kutaka nukta-mkato badala yake, kutegemea lugha ya mipangilio. Na kosa kubwa zaidi ni kuweka 120,000 badala ya 115,200. Namba ya mwisho katika mabano ni fedha iliyofika mkononi, kamwe si ile iliyoandikwa juu ya mkataba.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 kuhusu ukweli katika ukopeshaji iliwalazimisha wakopeshaji kuonyesha riba ya mwaka kwa namna moja inayolinganishika, na nchi nyingi zimeweka masharti ya aina hiyo baadaye. Ninawaeleza vijana kwamba kuomba riba halisi ya mwaka kwa maandishi, pamoja na jumla ya fedha zote zitakazolipwa, ni swali la kawaida kabisa. Mkopeshaji akilikwepa, jibu lake umeshalipata.

Mkopo mfupi wa simu unahitaji mstari mmoja tu. Umeomba 10,000, umepokea 8,500, unarudisha 10,000 baada ya siku 30. Wengi wanasema ni asilimia 15. Gawanya 1,500 kwa 8,500: ni asilimia 17.6 kwa siku 30, zaidi ya asilimia 200 kwa mwaka. Na anayelipa ile 1,500 kila mwezi ili asogezewe tarehe, baada ya miezi sita ametoa 9,000 na bado anadaiwa 10,000 kamili.

Upande wa uwekezaji wa ahadi kubwa ninatumia kisa cha tapeli Charles Ponzi, ambaye mwaka 1920 kule Boston aliahidi faida ya asilimia 50 kwa siku 45. Simalizi kisa. Ninawapa kalkuleta wazidishe 100 kwa 1.5 mara nane, kwa kuwa mwaka una vipindi nane vya siku 45. Wanapata zaidi ya 2,500, na swali la ni biashara gani inayozalisha hivyo wanaliuliza wenyewe. Kwa michezo ya fedha ambayo kila anayeingia anatakiwa kuleta watu wapya, tuseme kila mmoja alete sita: ngazi ya 13 inahitaji watu bilioni 13, na duniani hatufiki hapo.

Akiba ninaipitia haraka. Akaunti inayolipa asilimia 5 wakati bei zinapanda kwa asilimia 8 inamaanisha 100,000 ya leo, baada ya mwaka, itanunua vitu vya kama 97,200 kwa bei za leo. Hiyo si sababu ya kutoweka akiba. Fedha ya dharura kazi yake ni kukuepusha na ule mkopo wa asilimia 200.

Kwenye haki za mlaji ninaanza na tarehe 15 Machi 1962, siku Rais John F. Kennedy alipoliandikia Bunge la Marekani kuhusu haki nne: usalama, kupewa taarifa, kuchagua, na kusikilizwa. Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kumlinda mlaji mwaka 1985 na kuifanyia marekebisho makubwa mwaka 2015. Historia hiyo ni ya dakika tano, kisha tunaandika malalamiko. Barua isizidi ukurasa mmoja: kilichonunuliwa na tarehe, kilichoharibika, unachotaka (kurudishiwa fedha, kubadilishiwa au kutengenezewa, chagua kimoja), na siku ya mwisho ya kujibiwa. Barua nyingi za vijana zina hasira ya kutosha lakini hazisemi wanataka nini, na muuzaji huishia kujibu kwa pole. Ambatisha nakala, risiti halisi ibaki kwako. Risiti za karatasi laini zinazochapwa kwa joto hufifia zikikaa juani au kwenye pochi, hivyo ipigwe picha siku ileile. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na tarehe urudi nayo. Ukipiga simu, omba namba ya lalamiko, na bila hiyo chukulia kwamba hujalalamika. Jibu lisipokuja kwa siku uliyoweka, ndipo faili lote linakwenda kwa mamlaka inayosimamia sekta hiyo, likiwa na ushahidi kwamba ulianza kwa muuzaji.

Kuhusu wageni nina msimamo mkali. Ofisa wa mkopeshaji anakaribishwa kujibu maswali, lakini haji na fomu za kujaza, na haongei kabla vijana hawajamaliza hesabu zao. Akitangulia yeye, kikao kinageuka mauzo.

Wala siulizi hadharani nani ana deni. Anayetaka anabaki mwishoni na mkataba wake. Kwanza tunaorodhesha madeni yote pamoja na riba halisi ya kila moja, na fedha ya ziada inaelekezwa kwenye riba kubwa zaidi huku mengine yakilipwa kiwango cha lazima. Kabla ya kulipa deni lote mapema, aombe kwa maandishi kiasi cha kumaliza mkopo hadi tarehe fulani. Kwenye mkopo unaotozwa riba juu ya kiasi chote cha mwanzo, kulipa mapema huenda kusiokoe chochote kama mkataba hautoi punguzo, na hapo fedha hiyo ina kazi bora kwenye deni jingine. Akiwa mdhamini wa mtu, deni hilo linaingia kwenye orodha kwa kiasi chake chote, si nusu, kwa kuwa mikataba mingi inampa mkopeshaji haki ya kumdai mdhamini lote. Na siku ya rejesho la mwisho asiondoke bila barua inayosema salio ni sifuri, pamoja na hati au kitu alichoweka dhamana.