Siku Moja Maishani Mwangu: Mkaguzi wa Milango ya Shule

Kazi yangu ni kukagua majengo ya shule ili kujua ni kwa wepesi gani mtu asiyehusika anaweza kuingia na, akishaingia, anaweza kufika wapi kabla hajaulizwa neno. Siku ninayoisimulia hapa niliitumia katika shule moja ya msingi, na aliyejua kwamba ningefika ni mwalimu mkuu peke yake.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Huanza nje, kabla ya watu kufika, nikilizunguka eneo lote kwa miguu. Shule hii ina ukuta mrefu wa matofali, wa aina ambayo wazazi hufurahi kuiona. Mimi huutazama kwa shaka, kwa sababu ukuta humzuia mpita njia asione ndani, na mtu aliyekwisha kuuruka hufanya atakalo bila shahidi, ilhali uzio wa nondo humwacha wazi mbele ya macho ya barabara nzima. Msanifu majengo wa Marekani Oscar Newman alishauri mapema miaka ya 1970 kwamba majengo yapangwe kwa namna ambayo wanaoyatumia wataona kinachotendeka na kuona kuwa mahali hapo ni pao, nao watapalinda wenyewe. Nyuma ya madarasa nilikuta mapipa ya takataka yamepangwa chini ya dirisha la ghorofani, kando ya bomba la maji ya mvua. Anayetaka kupanda hahitaji kuja na ngazi.

Saa moja na nusu

Wanafunzi walipokuwa wakiingia kwa wingi, nilipita langoni nikiwa na faili mkononi na barua ya mwalimu mkuu mfukoni, iwapo ningeulizwa. Mlinzi alinipungia mkono na kusema, "Karibu, mwalimu, pita." Ndani, mtoto mmoja alinisalimia kwa adabu na kunishikia mlango wa jengo usijifunge. Siwezi kuwalaumu, maana mtu nadhifu anayetembea kwa kujiamini hafanani na mvamizi tunayemwazia. Lakini tarehe 8 Juni 2001, katika shule ya msingi ya Ikeda, Osaka, Japani, mtu mwenye kisu aliingia kwa lango lililokuwa wazi, akapishana na mwalimu aliyemwinamia kidogo kwa salamu bila kumuuliza lolote. Watoto 8 waliuawa. Ndiyo maana kila ninapokwenda husisitiza swali moja la upole, "Nikusaidie, unamtafuta nani?", ambalo mgeni mwema hulipokea kama ukarimu na mwenye nia mbaya hulisikia kama onyo.

Saa tatu

Mapokezi yalinichukua muda mrefu. Kitabu cha wageni kilikuwa wazi mezani. Kila mtu hujiandikia jina alitakalo, na majina ya waliotangulia husomwa na yeyote, akiwamo mzazi ambaye mahakama imemkataza kumkaribia mtoto. Karani aliketi akiupa mlango mgongo. Mpangilio bora ni wa milango miwili: wa kwanza unamwingiza mgeni kwenye chumba kidogo cha mapokezi, wa pili haufunguki mpaka ahakikiwe na kupewa beji. Hata hivyo milango haitoshi ikiwa kando yake kuna kioo cha kawaida. Katika shule ya Sandy Hook, Marekani, tarehe 14 Desemba 2012, milango ya mbele ilikuwa imefungwa barabara, na muuaji aliingia kwa kukipiga risasi kioo kilichokuwa pembeni yake. Utando wa plastiki unaobandikwa juu ya kioo hauzuii risasi, ila huvishikilia vipande, na kumchelewesha mvamizi ni faida kubwa.

Saa nne na nusu

Wakati wa mapumziko niliingia kwa mlango wa jikoni, uliokuwa umezuiwa kwa tofali usijifunge. Nimeuona mlango wa namna hii katika shule nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na wakubwa hudhani dawa yake ni kuwakaripia wapishi. Wapishi waliniambia ukweli: ndani kuna joto na moshi. Kwa hiyo niliandika kwamba shule inahitaji feni ya kutoa moshi na mlango wa pili wa wavu wenye kitasa, kwa kuwa bila hivyo tofali litarudi hata likichukuliwa kila siku.

Saa sita na nusu

Nilipima vitasa vya madarasa. Vingi vilifungika kwa ufunguo upande wa ukumbini tu, yaani mwalimu analazimika kutoka darasani na kuifuata hatari ukumbini ili kujikinga nayo. Tume iliyoundwa baada ya tukio la Sandy Hook ilipendekeza vitasa vinavyofungika kutoka ndani. Huko Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022, mwalimu aliuvuta mlango wa nje ukajifunga, lakini komeo halikushika. Waliouawa siku hiyo ni wanafunzi 19 na walimu 2. Kwa sababu hiyo kila mlango huufunga kisha huuvuta mwenyewe.

Darasa moja lilikuwa limeongezewa pau na minyororo. Nilishauri viondolewe siku hiyo hiyo. Moto wa shule ya Our Lady of the Angels, Chicago, wa Desemba 1958, uliua watoto 92 na watawa 3, na hakuna ulinzi dhidi ya mvamizi unaohalalisha kumfungia mtoto ndani ya moshi. Mlango mzuri hukataa kufunguliwa kutoka nje na kutoka ndani hufunguka kwa tendo moja, bila ufunguo.

Saa nane

Kamera. Zilikuwepo, zilirekodi, na hakuna aliyekuwa akizitazama.

Saa tisa na nusu

Wakati wa kwenda nyumbani huniogofya kuliko asubuhi, maana msumbufu wa kawaida wa shule si mgeni mwenye silaha, bali ni ndugu anayefahamika, aliyegombana na wenzake, anayekuja kumchukua mtoto asiyeruhusiwa kumchukua. Mwalimu wa zamu aliwatambua watu kwa sura, bila orodha yoyote mkononi. Akiugua yeye, ujuzi huo nao haupo.

Saa kumi na moja

Mwalimu mkuu alitarajia nimwambie aongeze kamera na kuinua ukuta. Nilimpa mpangilio mwingine: kwanza orodha ya wanaoruhusiwa kuchukua watoto, pamoja na kuligeuza dawati la karani, mambo yasiyo na gharama; halafu feni ya jikoni; halafu vitasa, kuanzia madarasa ya watoto wadogo; kamera mwisho. Alisoma kimya, akauliza kama feni inaweza kutangulia orodha, kwa kuwa fundi angefika kesho yake. Nilimjibu kwamba orodha inaweza kuandikwa jioni hiyo hiyo, naye akamwita karani kabla hajaondoka.