Kesho Chalbi: siku yangu ya kufunga mzigo Marsabit

Saa 11 alfajiri ukungu umefunika mji, nami nimevaa koti zito nikitayarisha gari la kupeleka wageni jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Wageni hawaamini nikiwatumia picha. Lakini Marsabit iko mlimani. Joto linatungoja huko chini, mwendo wa saa chache tu.

Kesho nina wageni watatu. Tutashuka Maikona, tupite Kalacha na North Horr, tumalizie Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana. Safari ni ya siku nne. Mimi hupakia ya siku tano.

Saa 12 naanza na maji. Pamoja na mpishi na mimi tuko watu watano. Kila mtu lita 5 za kunywa kwa siku, kwa siku tano, hizo ni lita 125. Ukiongeza ya kupikia na ya rejeta, nafika lita 160: mitungi minane ya lita 20, yaani kilo 160 kabla sijaweka hata sufuria. Ya kuoga tutaomba Kalacha, penye chemchemi. Kila mtungi naunusa, kwa sababu uliowahi kubeba dizeli hausafishiki, kisha naupindua kichwa chini nusu saa. Safari moja mtungi ulipasuka mshono njiani, nikajua usiku tulipotandika magodoro yaliyolowa.

Saa 2 niko kwa fundi wa pancha. Spea ni mbili, si moja. Njia ya kushuka Maikona ni mawe meusi ya volkano, na tairi lenye upepo mdogo hukatwa ubavuni. Ukifika mchangani mambo yanageuka: tairi gumu linachimba, kwa hiyo natoa upepo hadi kama psi 20 kwenye kipimo, kisha naujaza tena mbele. Ndiyo maana pampu ya umeme haibaki nyumbani. Wala kipande cha mbao cha kuweka chini ya jeki, la sivyo jeki itazama na gari libaki palepale.

Saa 4 naenda yanaposimama malori ya mbuzi. Hii ndiyo saa muhimu kuliko zote, na haimo kwenye ramani yoyote. Chalbi ilikuwa ziwa zamani sana. Ikikauka ni uwanja mweupe wa chumvi, unaweza kukimbiza gari utakavyo. Ikilowa, juu panaonekana pakavu na chini ni tope tupu. Nikamkuta kijana aliyefika usiku kutoka North Horr. Tukasalimiana kwa Kiborana, tukaulizana mifugo na watoto, ndipo nikauliza njia.

“Mzee, mvua imenyesha Hurri Hills. Maji yameshuka hadi Chalbi,” akasema. “Kaa pembeni, usikate katikati. Na usifuate alama za pikipiki, fuata za lori.”

Pikipiki hupita pale ambapo gari langu lingezama hadi mlangoni. Kuzunguka pembeni kunaongeza kilomita, nikaanza hesabu upya.

Saa 6 mgeni mmoja ananipigia: anaweza kuja na sanduku lake kubwa la magurudumu? Nikamwambia magurudumu yaliyopo yanatosha. Alete begi laini, kofia, kilemba cha vumbi, na sweta kwa ajili ya upepo wa Loiyangalani. Karibu na hapo wamesimamisha mitambo 365 ya umeme wa upepo, kwa hiyo hema asilifunge kama yuko uani kwake.

Saa 8, dizeli. Tangi zote mbili, na mitungi mitatu ya akiba badala ya miwili, kwa sababu ya ule mzunguko. Lita inayonipa kilomita 8 kwenye lami hunipa 5 mchangani. Nabeba na chujio, maana mbele mafuta huuzwa kwenye mapipa.

Saa 10 napakia. Maji chini kabisa, katikati ya gari. Juu ya paa, magodoro na mbao za kukwamulia tu. Koleo linakaa juu ya kila kitu. Ukikwama hutaki kuanza kwa kushusha jiko.

Saa 1 usiku nampa mke wangu karatasi: tutakapolala kila siku, saa nitakayopiga kwa simu ya setilaiti, na namba ya mwenye lori wa kumtafuta nikinyamaza siku nzima. Akaisoma mara mbili, akaibandika mlangoni.

“Kiberiti umeweka?”

Sikuwa nimeweka.