Daftari langu la hedhi lilivyomsaidia daktari kujua damu inatoka wapi

Nilikuwa na miaka 46, nauza mitumba Kiborloni hapa Moshi, na damu ilikuwa imenishinda. Siku zangu ambazo tangu usichana zilikuwa tano, zikawa kumi, mara kumi na mbili. Kisha katikati ya mwezi matone tena. Nilikuwa navaa pedi mbili, juu yake kitenge cheusi, na mteja akitaka nguo ya juu kabisa namwomba aishushe mwenyewe. Wifi yangu alisema ni ukomo wa hedhi unabisha hodi. Nilimwamini, maana yeye ameshapita huko.

Zahanati ya kwanza walinipima ultrasaundi juu ya tumbo, wakaona uvimbe wa sentimita 2. "Mama, chanzo ni hiki." Nikapewa vidonge vya kupunguza damu. Vilipoisha, ikarudi vilevile.

Jirani yangu, muuguzi mstaafu, ndiye aliyeniambia nisiende tena hospitali na maneno matupu. Nikachukua daftari la mtoto, nikapiga mistari kwa rula: tarehe, idadi ya pedi, mabonge, mengineyo. Ukurasa mmoja bado naukumbuka: "Jumanne. Pedi 9. Bonge kubwa kama sarafu ya mia mbili. Nimeamka usiku mara mbili, shuka limelowa." Niliandika hivyo miezi mitatu.

Hospitali ya rufaa nilipokelewa na daktari wa kike, umri wa binti yangu. Alinisalimia shikamoo, akalisoma daftari lote kabla hajanigusa. Akasema, "Mama, tazama. Hedhi yako inakuja kwa tarehe zake, kila baada ya siku 27 au 28. Ingekuwa ni ukomo, mayai hayapevuki vizuri, tarehe zingeruka ovyo. Hapa naona nyingi kupita kiasi, na matone katikati. Nataka kuangalia ndani ya kizazi."

Hapo nikaona kwamba kumbe miezi yote ile nilikuwa najibiwa bila kuulizwa. Yeye aliuliza: natumia sindano au kitanzi? Nameza dawa za kuyeyusha damu? Niking'oa jino damu inachelewa kukata? Natokwa damu baada ya tendo la ndoa? Kila swali lilikuwa na sababu yake, na aliniambia sababu hiyo.

Alianza na kipimo cha mimba. Nilikasirika kidogo, miaka 46! Akanieleza kwa upole kuwa mimba iliyoharibika au iliyotunga nje ya kizazi nayo hutoa damu, na mwanamke ambaye bado anapata hedhi haruki kipimo hicho. Wingi wa damu ulikuwa 8.1, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa asipungue 12. Ndiyo maana nilikuwa nahema kupanda ngazi chache tu. Tezi ya shingo ilikuwa salama, mlango wa kizazi pia ulikuwa msafi.

Kisha ultrasaundi ya kupitia ukeni. Ule uvimbe wa sentimita 2 ulikuwepo kweli, ila umeota upande wa nje wa kizazi, haugusi utando wa ndani unaomwaga damu ya hedhi. Ndani kabisa palikuwa na kinyama kinaning'inia, kama punje ya harage. Nilikuwa nimemezeshwa dawa kwa ajili ya uvimbe ambao haukuwa na kosa.

Kwa kuwa nilishapita miaka 45, alichukua pia sehemu ya utando kwa mrija mwembamba, ipelekwe maabara kuangalia saratani. Maumivu ni kama ya hedhi kali, dakika moja hivi. Yaliyoniumiza zaidi ni majuma mawili ya kusubiri. Usiku nawasikiliza wanangu wakikoroma, nawaza nani atawalipia ada.

Majibu yalitoka bila saratani. Kinyama kilitolewa kwa kamera ndogo inayopitishwa mlango wa kizazi, bila kupasuliwa tumbo. Nikameza vidonge vya madini chuma miezi mitatu, na chai nikaisogeza mbali na vidonge kwa sababu inazuia madini yasinyonywe. Kwa mwanamke wa Moshi kuahirisha chai ya asubuhi si jambo dogo.

Daftari bado ninalo. Mwezi uliopita nimeandika: siku 5, pedi 13, mabonge hakuna. Wifi yangu, ambaye hedhi ilikoma miaka minne iliyopita, amekuja juzi kuniambia ameona matone mawili kwenye nguo ya ndani. Sikumpa daftari. Nilifunga meza, tukapanda daladala siku ileile.