Jumamosi anavaa anachotaka

Mwanangu ana miaka sita, Jumatatu mpaka Ijumaa ni yunifomu na kichwa kipara maana shule nyingi huku kwetu Tanzania hata mtoto wa kike ananyolewa, sasa Jumamosi nikamwambia haya mama, leo chagua mwenyewe. Katoka na gauni la Idi, juu yake jezi ya Yanga ya kaka yake, chini mabuti ya mvua ya njano niliyomnunulia mitumba Karume, na jua linawaka! Buti la kushoto kavaa mguu wa kulia. Nilitaka kumwambia kavue watu watatucheka, ila nikaona anavyojiangalia kwenye kioo cha kabati, anazunguka mpaka gauni linajaa upepo kama mwavuli, nikanyamaza.

Kenya mwaka 2019 Mahakama Kuu iliamua binti wa Kirasta aliyefukuzwa shule kisa rasta zake arudishwe darasani, na mimi nilifurahi mno, nywele za mtoto ni zake jamani.

Basi tukaenda sokoni hivyo hivyo. Mama wa nyanya akamuuliza nani kakuvalisha, akajibu "mimi mwenyewe", kifua mbele.